Nyumba za Maendeleo: Paa ni la Nani?

Majumba ya Michenzani yalipoanza kuinuka Ng'ambo, baada ya mpango wa mji wa 1968 uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, hapakuwa na mtu aliyeuliza nani atayatengeneza. Swali la siku zile lilikuwa nani atakaa humo. Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ililijibu bila ya kigugumizi: waliovunjiwa vijumba vyao vya udongo wapewe fleti, tena bila ya kodi. Kikwajuni na Kilimani nako yalijengwa majumba ya namna hiyo, na Pemba yakasimama Wete, Chake Chake na Mkoani.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa, nasi hatuna haja ya kuipunguzia heshima yake. Lakini nyumba isiyotozwa kodi haikuwekewa pia mfuko wa matengenezo, na hapo ndipo ilipoanzia dhiki tunayoiona leo.

Ingia katika fleti yoyote, utakuta ukuta umepakwa rangi na sakafu inang'ara. Toka mlangoni: ngazi ni giza, bomba la maji machafu linavuja kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini, na zege limebanduka hata chuma chaonekana. Jambo hili si la sura tu. Maji yakipenya na hewa ya chumvi ikaingia, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kwa ndani kabla halijaanguka. Kuziba paa leo ni kazi ya mafundi wachache. Kulisubiri zege lianguke ni kazi ya hospitali na mahakama.

Wako wasemao wakaazi ni wavivu, wachangie. Kuchangia ni haki, na hatudhani kuwa wengi watakataa kiasi kidogo kila mwezi. Lakini bibi kizee anayepandishiwa madumu ya maji hadi ghorofa ya juu hawezi kuambiwa alipie uzembe wa nusu karne. Wala hapana mtu mwenye akili timamu atakayetia fedha katika mfuko asiouona hesabu zake. (Tumeshaiona mifuko ya namna hiyo.)

Kwa hivyo Serikali ndiyo itangulie. Irekebishe kwanza mapaa, mabomba na ngazi, kisha michango ianze, kila jumba na mfuko wake, na hesabu zibandikwe ukutani. Shirika la Nyumba la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2014, lisihesabu kazi yake kwa majengo mapya peke yake.

Tunachokitaka kwa wahusika kabla ya masika ijayo ni kidogo: kila jumba, Unguja na Pemba, likaguliwe na mhandisi, na wakaazi waelezwe kwa maandishi ni ofisi gani yenye dhamana ya paa lao.