Je, Ni Fimbo Iliyomfanya Mwalimu Iyengar?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wenu mmekwisha pata habari za mjadala wetu wa muhula huu, uliokuwa juu ya adhabu shuleni. Upande wa fimbo ulisema mengi, walakini hoja iliyopigiwa makofi kuliko zote ni ya mwenzetu mmoja, msemaji hodari, aliyetutolea mfano wa B. K. S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Bara Hindi aliyefundisha Ulaya na Marekani hata jina lake likaenea duniani. Alisema, "Mtu yule alipigwa na mwalimu wake, naye akawa bingwa. Asingalipigwa, nani kati yetu angalimjua?" Kengele ikalia, nami sikupata nafasi ya kujibu. Basi namshukuru Mhariri kwa kunipa ukurasa huu.

Kwanza nakiri kwamba mwenzangu hakusema uwongo. Ila alichukua kipande kimoja cha maisha ya mtu aliyeishi miaka 95, akaacha vingine vyote.

Kwa wasiojua, yoga ni elimu ya kale ya Wahindi ya kuutawala mwili, pumzi na moyo. Sehemu inayoonekana zaidi kwa macho ni mikao: mtu husimama, huinama, hujipinda, hata husimama kwa kichwa, akakaa hivyo kwa utulivu. Si mazingaombwe wala si sarakasi, ingawa wako wanaodhani hivyo.

Iyengar alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa Bara Hindi. Ulikuwa mwaka wa yale mafua makali yaliyoua watu ulimwenguni kote, na mama yake alikuwa mgonjwa wa mafua hayo alipomzaa. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, akafariki mtoto akiwa na miaka 9. Malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu vyote vilimpitia. Mwaka 1934, alipokuwa kijana wa miaka 15 aliyekonda, alichukuliwa na mume wa dada yake akakae naye mjini Mysore. Shemeji huyo, T. Krishnamacharya, alikuwa mwalimu wa yoga aliyefadhiliwa na Maharaja wa Mysore.

Hapa ndipo fimbo inapoingia. Krishnamacharya alikuwa mtu wa elimu nyingi, lakini mkali mno, na Iyengar mwenyewe alisimulia jinsi alivyopigwa. Hata hivyo, mwanzoni hakufundishwa karibu chochote, bali alitumwa kazi za nyumbani na bustanini. Mwanafunzi aliyetegemewa pale alikuwa kijana mwingine, jina lake Keshavamurthy. Yalipokaribia maonyesho makubwa mbele ya wageni, Keshavamurthy alitoroka, asirudi tena. Ndipo mwalimu alipomgeukia shemeji yake mdogo, akamtia mikao migumu kwa haraka ili pasiwe na aibu.

Mwenzangu hakumtaja Keshavamurthy hata mara moja, nami naona ndiye shahidi mkubwa wa kesi hii. Nyumba ilikuwa moja, mwalimu mmoja, ukali mmoja. Kijana mmoja alikimbia. Wa pili akabaki, na nadhani alibaki kwa kuwa, pasipo baba, hakuwa na pengine pa kukimbilia. Sisi tunamhesabu aliyebaki, kisha tunasema fimbo imejenga. Yule aliyekimbia hatumhesabu, wala hatujiulizi kama naye angalikuwa bingwa.

Tena iko habari nyingine. Siku moja Iyengar aliamriwa mbele ya wageni atandaze miguu chini, mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka mapaja yote yaguse sakafu. Alijitetea kwamba mkao huo haujui. Utetezi haukumfaa. Aliufanya, akachanika misuli ya nyuma ya mapaja, na kwa muda mrefu hakuweza kutembea sawasawa. Tukihesabu matunda ya ukali, na hili tulihesabu.

Mwaka 1937 watu wa mji wa Pune, ulio mbali sana upande wa kaskazini, walitaka mwalimu wa yoga kwa miezi 6. Akapelekwa Iyengar, na sababu moja ni kwamba alijua Kiingereza kidogo. Wenzangu wa Kidato cha Nne watacheka hapa, maana ndiye huyu aliyeanguka mtihani wa mwisho wa shule kwa ajili ya somo la Kiingereza! Alikuwa na miaka 18. Wengi wa wanafunzi wake walimzidi umri, nguvu na elimu. Mwalimu wake alikuwa mbali, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpiga, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Mimi nasema ni Pune iliyomfanya. Alijifungia peke yake saa nyingi kila siku, akiujaribu kila mkao katika mwili wake mwenyewe, akichunguza mguu ukikaa hivi goti linasemaje, bega likigeuka hivi pumzi inakwendaje. Ziko siku alizoshindia chai na maji tu, kwa kuwa ada za wanafunzi hazikutosha. Kwa sababu mwili wake ulikuwa umeugua na kuumizwa, alijua ni wapi mtu mgonjwa au mwenye mwili mkavu hukwama, na baadaye akatafuta njia za kumsaidia: kamba za ukutani, vipande vya mbao, mikanda, hata viti vya kawaida vya kukalia. Kwa vifaa hivyo, mzee asiyeweza kuinama akaweza kupata faida ile ile apatayo kijana. Nawauliza waalimu wetu kwa heshima, je, maarifa kama haya hutoka katika fimbo? Ile miezi 6 ilirefuka, akakaa Pune mpaka kufa kwake tarehe 20 Agosti 2014.

Sasa nije katika safari zake. Mwaka 1952 mpiga fidla mashuhuri, Yehudi Menuhin, mzaliwa wa Marekani, alikwenda Bara Hindi kupiga muziki. Alikuwa mtu aliyechoka, mwili unamwuma, usingizi haupati vizuri. Iyengar aliitwa Bombay, akaambiwa kwamba bwana huyo ana dakika 5 tu za kumpa. Iyengar akamlaza chini, akamtuliza, na Menuhin akapitiwa na usingizi mzito kwa muda wa karibu saa nzima. Mwaka 1954 alimwalika Uswisi awe mwalimu wake, akampa zawadi ya saa ya mkononi. Nyuma ya saa hiyo yalichongwa maneno ya kumwita Iyengar mwalimu wake bora wa fidla. Iyengar hakuwa mpiga fidla. Alimfundisha kusimama, kupumua na kulegeza mabega, na fidla yenyewe ikafuata.

Wasomaji wasidhani kwamba alipokewa kila mahali kwa mashada ya maua. Bara Hindi lilikuwa limetoka kupata uhuru mwaka 1947, na kwa watu wengi wa Ulaya mtu wa yoga alikuwa kichekesho. Alisimulia kwamba afisa wa forodha wa Uingereza alimwuliza kama aweza kutembea juu ya moto, kutafuna vioo na kumeza nyembe. Marekani alifika mwaka 1956, asipendezwe, na hakurudi huko mpaka mwaka 1973. Lakini London aliirudia mara kwa mara tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na madarasa yakakua. Mwaka 1966 kilitoka kitabu chake, Light on Yoga, chenye picha zake karibu 600. Mwishoni mwa miaka ile, wakuu wa elimu wa London walikubali mafundisho yake yaingie katika madarasa ya jioni ya watu wazima, kwa sharti kwamba yahusu mwili na pumzi tu, mambo ya dini yawekwe kando. Naye akakubali. Wako wanaomlaumu kwamba aliuza nusu ya urithi wake. Mimi simlaumu, kwa kuwa nusu iliyobaki aliifundisha bila kuipunguza, na aliyetaka nusu ya pili alijua njia ya Pune, ambako chuo chake kilifunguliwa mwaka 1975, kikapewa jina la mkewe Ramamani aliyefariki mwaka 1973.

Haki yataka niseme na jambo lisilonifaa katika hoja yangu. Iyengar naye alikuwa mkali. Aliwapigia kelele wanafunzi wake wa Ulaya, akawapiga na makofi, hata wakafanya mzaha kwamba herufi B, K na S za jina lake ni kifupi cha maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya kugonga, kupiga teke na kupiga kofi. Wengine walimpenda vivyo hivyo, wengine walilalamika. Najua mwenzangu atalirukia jambo hili kama mwewe aliyeona kifaranga. Lakini hebu atazame wanafunzi hao walikuwa akina nani. Walikuwa watu wazima, wengi wao wanawake, waliokuja kwa hiari yao baada ya kazi na kulipa ada kwa mfuko wao. Aliyechoshwa na kofi alikunja mkeka wake, akapanda basi, akaenda kwake. Sisi wa bweni mkeka wetu tutaukunja twende wapi? Mtoto wa miaka 14 aliyeletwa na wazazi wake kutoka mbali hana hiari ile, na kwa hiyo kofi lake si kofi lile.

Wala sisemi waalimu wetu ni wabaya. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko 4, tena kwa idhini ya mkuu wa shule, na huko Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Nchi mbili jirani hazikukata shauri moja, na kwa hiyo mjadala wetu si wa kitoto. Ninachokataa ni kumleta Iyengar kama shahidi wa fimbo. Fimbo ilikuwapo katika maisha yake, kama vile malaria na kifua kikuu vilivyokuwapo, na hakuna anayesema tuwape watoto kifua kikuu ili wawe mabingwa.

Nabakiza swali moja kwa mwenzangu. Mwaka 1958 Iyengar alimfundisha Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, bibi yake Mfalme Baudouin, yule mfalme aliyekuwapo Léopoldville siku Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960. Bibi huyo alikuwa amepita miaka 80, naye alitaka jambo moja, kusimama kwa kichwa. Iyengar aliogopa kwa ajili ya umri wake, lakini alimfundisha, na malkia akasimama kwa kichwa. Mjadala utakapoendelea muhula ujao, namwomba mwenzangu atuambie malkia yule alichapwa viboko vingapi.