Kibarua wa mpunga Kilombero: homa yake ni dhima ya nani?

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia afya ya mtu anayetulimia, nalo ni jambo ambalo familia nyingi hulipita bila kulihesabu kuwa ni la dini.

Yanapotajwa matatizo ya afya kazini, fikra hukimbilia viwanda vya sukari kule Kidatu, au maofisi yenye mikataba na vyama vya wafanyakazi. Lakini katika bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mlimba, mwajiri mara nyingi ni baba au mama mwenye ekari chache za mpunga, anayemwita kijana amlimie ngwe kadhaa kwa malipo ya makubaliano ya mdomo. Mwajiri huyo yupo pia katika safu zetu za swala, na ndiye tunayetaka kusema naye leo.

Bonde na maradhi yake

Bonde hili limelala baina ya milima ya Udzungwa na ile ya Mahenge. Mto hufurika wakati wa masika, na maji hayo hayo yanayouneemesha mpunga huwaneemesha na mbu. Katika miaka ya tisini watafiti walibaini kwamba mkazi wa baadhi ya vijiji vyake aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara mia kadhaa kwa mwaka mmoja.

Kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, ni bonde hili hili lililoifundisha dunia sehemu ya dawa. Ifakara imekuwa na kituo cha utafiti tangu miaka ya hamsini, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia mwaka 1996 ulifanyika mradi wa kuuza kwa bei nafuu vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wazee watalikumbuka jina la "Zuia Mbu". Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mwaka 2004 taifa likaanzisha Hati Punguzo kwa wajawazito, na baadaye vikaja vyandarua vya bure. Leo malaria mjini Ifakara imepungua mno kuliko ilivyokuwa.

Chandarua kijijini, mtu shambani

Hata hivyo, malaria haikuondoka bondeni. Mashamba mengi ya mpunga yako mbali na makazi. Wakati wa kupanda, wa kuamia ndege na wa kuvuna, watu huhamia huko kwa wiki au miezi. Hulala katika vibanda vya miti na nyasi visivyo na milango, vyenye kuta zinazopitisha upepo na mbu. Jioni hupika na kula nje, saa ambazo mbu wameshaanza kazi. Chandarua kilichogawiwa na serikali kimebaki kijijini juu ya kitanda kisicholaliwa na mtu.

Watafiti wa Ifakara waliliona hilo. Mwaka 2016 walichapisha utafiti kuhusu wakulima hao wanaohamahama, pamoja na mfano wa kibanda kinachohamishika ambacho mbu hapenyi. Kwa hiyo elimu ya tatizo hili ipo. Linalobaki ni swali la dhima: nani atoe chandarua cha shambani?

Tuitazame hali ya kibarua. Hulipwa kwa ngwe, na siku asiyolima halipwi. Homa inapomshika hujikaza, kwa kuwa akilala atakosa chakula na pengine deni litaongezeka. Hununua vidonge viwili vya kutuliza maumivu akaendelea na jembe. Zahanati iko mbali, na maji yakipanda njia hufungwa. Akiwa amekuja na mke mjamzito au mtoto mchanga, hatari ni kubwa zaidi, kwani malaria kali yaweza kumuua mtoto katika muda mfupi mno. Mwenye shamba, kwa upande wake, huona hasara ya palizi kuchelewa, akatafuta kibarua mwingine. Yule wa kwanza anarudi kwao na homa yake.

Sheria inafika wapi?

Nchi yetu inazo sheria njema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Lakini mtu aliyeajiriwa kwa mdomo kwa wiki tatu, hana barua wala shahidi, atayadai haya wapi? Mkaguzi hafiki kila kibanda cha mpunga. Hapo ndipo taqwa inapotakiwa kufika.

Mzee wa Madyan

Katika Suratul Qasas tumesimuliwa habari ya Nabii Musa (a.s.) alipokuwa mkimbizi Madyan, hana mali wala jamaa. Mzee aliyemwajiri alimtajia muda wa kazi bayana, miaka 8, na 10 ikiwa ni kwa hiari yake Musa, kisha akamhakikishia kwamba hakusudii kumtaabisha. Tuzingatie mafunzo mawili: masharti kuwa wazi kabla ya kazi, na mwajiri kujifunga mwenyewe kutomtia mfanyakazi katika mashaka.

Mtume (s.a.w.) naye ametufunza kutowatwika wanaotutumikia wasiyoyaweza, na tukiwatwika, tuwasaidie. Ametuhimiza kulipa ujira upesi, kabla jasho halijakauka. Basi kumlaza mtu penye mbu pasipo kinga, kisha kumkata malipo kwa homa aliyoipata papo hapo, ni kumtwika tusichokubali sisi wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba maradhi ni qadari. Ni kweli, na tiba pia ni qadari. Aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mola hakuambiwa aache kamba nyumbani.

Zaka si ujira

Mavuno ya mpunga yakifikia nisabu yana zaka: sehemu ya kumi kwa shamba la mvua, na nusu ya hiyo kwa linalomwagiliwa kwa gharama. Kibarua maskini anaweza kuwa miongoni mwa wanaostahiki. Lakini tujihadhari na hila: mwenye shamba hawezi kulipa deni lake la ujira kwa zaka na kudhani ametekeleza yote mawili. Ujira ni haki ya kazi, na zaka ni haki ya maskini.

Tufanye nini?

Kwanza, chandarua kihesabiwe miongoni mwa zana za shamba, pamoja na jembe na mbegu. Asiye na nafasi ya kununua, ahamishe cha kijijini. Pili, makubaliano yataje bayana malipo, chakula, malazi, na nini kitafanyika mtu akiugua. Tatu, mwenye homa apelekwe kupimwa siku ile ile, na akikutwa na malaria amalize dawa ya mseto siku zote 3, asiache apatapo nafuu. Nne, kamati za misikiti ya Ifakara na vijijini ziweke mfuko mdogo wa nauli na matibabu ya vibarua kwa kila msimu. Magunia machache ya mpunga ya sadaka yaweza kuuanzisha.

Sahani ya wali iliyo mbele ya watoto wetu imepitia mikononi mwa mtu huyu. Tukiwa tumemlipa, tumemlinda na tumemtibu, tule kwa shukrani. Tukiwa tumemwacha na homa yake, atakuja kutudai Siku ambayo malipo hayatakuwa kwa fedha. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuepushe na dhulma, awaponye wagonjwa wetu na alibariki bonde hili na watu wake. Amin.