Michezo ya video ya zamani: Mteja anapanga, hanunui

KATIKA biashara nyingi bidhaa ikizeeka thamani yake hushuka. Gari, friji na simu vyote hufuata njia hiyo. Lakini michezo ya video iliyotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 imekwenda kinyume. Inaingiza fedha upya, tena bila kiwanda wala stoo.

Njia inayotumika ni ada. Mteja hulipa kwa mwezi au kwa mwaka, hufunguliwa ghala la michezo ya zamani kupitia intaneti na kucheza anachotaka. Akiacha kulipa, mlango unafungwa.

Hiyo ni biashara halali, na kwa mteja anayecheza kidogo ni nafuu. Tatizo linaanza pale kampuni zinapoondoa sokoni njia ya kununua na kubakiza ya kupanga peke yake. Hapo mpangaji hana pa kuhamia.

Si jambo la jana

Wapo wanaodhani huduma hizi zimekuja na intaneti ya kasi. La hasha. Mwishoni mwa mwaka 1994 kampuni ya Sega ya Japan, ikishirikiana na Time Warner na Tele-Communications Inc, kampuni za televisheni ya kebo za Marekani, ilianzisha Sega Channel.

Kwa takriban dola 15 kwa mwezi, mteja alichomeka kifaa maalumu kwenye mashine yake ya Genesis, akaunganisha waya wa kebo na kupata hadi michezo 50, iliyobadilishwa mara kwa mara. Mashine ikizimwa, mchezo ulifutika.

Huduma hiyo ilifungwa mwaka 1998. Baadhi ya michezo ilikuwa imetolewa Marekani kupitia kebo hiyo tu, haikuuzwa madukani kwa kaseti. Waliolipa kwa miaka mitatu au minne hawakubaki na kitu mkononi.

Oktoba 2005 likaja jaribio jingine. Turner Broadcasting, kampuni iliyokuwa ikimiliki CNN, ilianzisha GameTap, ghala la mamia ya michezo ya zamani kwa ada ya mwezi kupitia kompyuta. Mwaka 2008 iliuzwa kwa Metaboli ya Ufaransa, na baadaye jina hilo likatoweka sokoni. Kwa mara ya pili wateja waliagwa mikono mitupu.

Hesabu ya Nintendo

Mfano mkubwa wa leo ni Nintendo ya Japan. Mwaka 2006, ilipotoa mashine ya Wii, ilifungua duka la intaneti lililouza michezo ya zamani mmoja mmoja. Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, uliuzwa pointi 500, sawa na dola 5 za Marekani. Aliyenunua alilipa mara moja, akaendelea kucheza kwenye mashine yake bila kudaiwa tena.

Duka hilo lilifungwa Januari 30, 2019. Machi 27, 2023 yakafuata maduka ya mashine za 3DS na Wii U, ambayo nayo yaliuza michezo ya zamani kwa mtindo huo huo.

Badala yake Nintendo ilianzisha Septemba 2018 huduma ya ada iitwayo Nintendo Switch Online, ikianza na michezo 20 ya mashine yake ya kwanza ya kaseti. Ada ya Marekani ilikuwa dola 19.99 kwa mwaka. Oktoba 2021 likaongezwa daraja la juu lenye michezo ya Nintendo 64 na ya Sega, kwa dola 49.99 kwa mwaka.

Ni kweli kuwa ada hiyo inalipia pia kucheza na watu wengine mtandaoni, hivyo si haki kuihesabu yote kwenye michezo ya zamani. Hata hivyo, hesabu inajieleza. Mtu mwenye michezo minne tu anayoipenda angeilipia dola 20 kwa bei ya duka la Wii, akamaliza. Kwa ada ya chini, miaka mitano inamgharimu dola 100. Kwa daraja la juu ni dola 250. Mwisho wa miaka hiyo hana hata mchezo mmoja ulio wake.

Aidha, mashine isipounganishwa na intaneti kwa siku saba, michezo hiyo hugoma hadi iunganishwe. Na kilichomo ghalani hakina dhamana ya kubaki. Machi 2025 nchini Japan mchezo wa soka, Super Formation Soccer, uliondolewa kwenye huduma hiyo.

Kwa nini kampuni zinapenda ada

Sababu haihitaji mchumi. Mauzo huja siku moja na kwisha. Ada huja kila mwaka na hukadirika mapema. Mwaka 2023 Nintendo ilitangaza kuwa wanachama wake wanaolipa walizidi milioni 38. Hakuna kampuni inayoweza kuidharau fedha ya namna hiyo.

Kuna pia suala la haki miliki, ambalo watetezi wa ada hulitaja kwa haki. Mchezo wa GoldenEye 007 wa mwaka 1997 ulitengenezwa na Rare ya Uingereza kwa ajili ya Nintendo, kuhusu mpelelezi wa sinema, James Bond. Mwaka 2002 Microsoft iliinunua Rare. Hivyo kuurudisha kulihitaji maelewano ya kampuni zinazoshindana pamoja na wenye haki za Bond. Ulirudi Januari 2023, lakini kwa upande wa Nintendo haukuuzwa peke yake. Anayeutaka alipie daraja la juu.

Mtetezi wa ada atasema bila huduma hizi mchezo kama huo usingerudi kabisa, na kwamba kijana wa leo anaonja mamia ya michezo kwa bei ndogo kuliko kaseti moja adimu. Ni hoja nzito. Lakini aliyeweza kukubaliana na washindani wake ili akodishe, angeweza kujadiliana nao ili auze pia. Nyumba za kupanga hazijawahi kuwa sababu ya kupiga marufuku nyumba za kununua.

Vilivyobaki nje ya ghala

Jambo zito zaidi ni vile visivyokuwemo. Utafiti uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation ya Marekani ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotoka nchini humo kabla ya 2010 haipatikani sokoni kihalali. Mwenye ghala huchagua yenye faida, mingine huachwa.

Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwawezesha watafiti kuitumia michezo hiyo wakiwa mbali, bila kusafiri hadi kwenye majengo yake. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa, baada ya chama cha kampuni za michezo ya video kupinga kwa hoja kuwa soko la michezo ya zamani lingeharibika. Ni vigumu kuona soko gani linaharibika kwa bidhaa ambayo hakuna anayeiuza.

Kilipo cha kufanya

Jimbo la California limeonyesha mwanzo. Sheria yake iliyoanza kutumika Januari 2025 inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijiti amweleze mnunuzi wazi kama anapata leseni tu. Huduma za ada hazimo, kwa kuwa zinajulikana kuwa ni za muda. Lakini mpangaji naye ana haki zake.

Kwanza, huduma inayoondoa mchezo itoe taarifa mapema. Pili, kampuni inayokodisha mchezo iuuze pia kwa anayetaka kuwa nao daima. Tatu, mchezo ambao mwenyewe hauuzi wala haukodishi, maktaba ziruhusiwe kuutoa kwa watafiti.

Kampuni hazitapoteza wateja kwa kufanya hivyo. Wapo wengi watakaoendelea kulipa ada kwa sababu inawafaa. Lakini mteja aliyeshuhudia Sega Channel na GameTap zikizimwa ana kila sababu ya kuuliza, kabla ya kutoa kadi yake ya benki, atabaki na nini siku mwenye ghala atakapofunga.