Daftari la wapiga kura limeingia simuni, kituo bado ni safari

KATIKATI ya Februari 2025, ilipofika zamu ya Mkoa wa Tanga katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, wananchi walipewa siku saba. Ilikuwa mbalamwezi ya Shaaban, na kwa wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao hutaka taa na giza, siku kama hizo huwa za mapumziko. Sidhani kama ratiba ilipangwa kwa kuutazama mwezi, lakini kwa mvuvi wa Moa au Kipumbwi ilisadifu vyema. Lau zingeangukia siku za giza, ni wangapi wangekuwa dago, mbali na vituo vyao?

Ndugu msomaji, nalitaja hili kwa sababu awamu ile ilikuja na jambo jipya. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilifungua mfumo wa mtandaoni ambao kwa huo mpiga kura aliyekwisha kuandikishwa aliweza, kwa simu au kompyuta, kuanza kurekebisha taarifa zake au kuomba kuhamia kituo kingine. Daftari hili lilitumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa 2005, na mwaka 2015 zikaingia mashine za alama za vidole. Lakini katika miaka yote hiyo aliyetaka kubadilisha hata herufi moja ya jina lake alianzia kwenye foleni.

Kwa watu wa pwani faida hiyo si ndogo, maana sisi ni watu wa kuhamahama. Binti huolewa Ngamiani akitokea Mkwaja, kijana huondoka Pangani akafuata kazi bandarini, mvuvi huweka kambi hata akawa mkaazi. Kadi zao hubaki na kituo cha zamani, na siku ya kura ikifika nauli huwashinda.

Hata hivyo, tusidanganyike. Simu humaliza nusu tu ya kazi. Baada ya kujaza fomu mtandaoni, mtu hana budi kufika kituoni kukamilisha na kupewa kadi mpya. Ama yule anayeandikishwa kwa mara ya kwanza, kwake hakuna njia ya mkato, kwani vidole vyake havina budi kuwekwa mbele ya mwandikishaji. Maana yake ni kuwa chombo hiki kimemrahisishia zaidi aliyekwisha kuwamo daftarini. Kijana aliyetimiza miaka 18, au mama wa makamo ambaye hajapata kuandikishwa maishani mwake, safari yake ni ile ile, na kwa wengine ina kivuko ndani yake.

Liko pia suala la nani anaishika simu. Katika nyumba nyingi simu janja ni ya baba au ya kijana wa kiume, na bibi akitaka kurekebisha jina lake, hupelekwa steshenari akajaziwe fomu kwa malipo. Hapo hutolewa namba ya kadi, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, mbele ya kila aliyesimama kaunta. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlinzi wa kwanza wa bibi ni mjukuu wake. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipoasisi diwani, majina ya watu yaliandikwa ili fungu la kila mmoja limfikie mwenyewe. Daftari ni amana tangu hapo.

Kilichowachanganya wengi zaidi, kwa maoni yangu, hakikuwa teknolojia. Oktoba 2024, kwa siku kumi, watu waliandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba, katika orodha ya wakaazi iliyoandikwa kwa mkono na isiyo na uhusiano na Daftari la Kudumu. Aliyejiandikisha pale na kudhani amemaliza alikosea, na kosa hilo si lake peke yake. Ujumbe mfupi mmoja ungeweza kumweleza. Ng'ambo ya Horohoro, katika uchaguzi wa 2017, Mkenya alituma namba ya kitambulisho chake kwenda 70000 akajibiwa kama yumo daftarini na kituo chake ni kipi. Simu ya tochi ilitosha kwa kazi hiyo.

Haitakuwa insafu kuyasema haya nikanyamazia yaliyofuata. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura yenyewe, intaneti ilizimwa nchini kote, watu wakauawa katika machafuko, na wengi walihoji uchaguzi huo kabla hata haujafanyika. Mwananchi aliyehimizwa mwezi wa Februari auamini mtandao aliuona umefungwa mwezi wa Oktoba. Imani hiyo hairejeshwi na programu mpya.

Sheria huitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na unaofuata, kwa hiyo vishikwambi vitarudi Tanga kabla ya 2030. Vitakaporudi, ratiba ibandikwe madikoni na misikitini majuma kadhaa kabla, wala si siku mbili. Na mwandikishaji mmoja apelekwe kwenye dago lenyewe, akae hadi ngalawa zirudi.