Mtoto akihama kliniki, je, taarifa zake humfuata?

Familia nyingi za Didia na vijiji vingine vya Shinyanga huhama kufuata kazi za migodini: Mwakitolyo, Kahama, hata Katoro mkoani Geita. Mtoto aliyeanza chanjo nyumbani huendelea kwingine. Muuguzi wa huko atajuaje alichokwisha kupata?

Tatizo liko wapi?

Tanzania ina mifumo kadhaa ya kompyuta ya afya. GoTHOMIS hutunza taarifa za wagonjwa katika vituo vya umma, TImR ni rejesta ya chanjo, na CTC2 ni ya huduma za VVU. Kila mmoja ulijengwa kwa kazi yake. Ili ipeane taarifa, lazima ikubaliane lugha. Lugha inayoenea duniani sasa ni kiwango kiitwacho FHIR, cha shirika la HL7.

FHIR hubeba mambo yanayohitajika karibu kila nchi: jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, chanjo. Hata mapacha wamekumbukwa. Ipo nafasi ya kuandika nani alitangulia kuzaliwa. Kwa Wasukuma hilo si jambo dogo. Kulwa na Doto wana mama mmoja, tarehe moja na jina moja la baba. Mfumo usiosoma nafasi hiyo unaweza kumwandikia Doto chanjo ya Kulwa, na Kulwa akaonekana hajachanjwa.

Na mambo ya kwetu?

Kitongoji hakina nafasi yake katika FHIR. Kiwango kinaruhusu nchi kuweka nyongeza, lakini kila nyongeza lazima ionyeshe mahali maana yake ilipoandikwa. Mfumo usioijua huiruka, na taarifa nyingine hubaki sahihi.

Zipo nyongeza zisizoweza kurukwa. Tuseme rekodi inataja dawa, na nyongeza inasema mtoto asipewe. Nyongeza ya namna hiyo huwekwa alama maalumu: mfumo usioielewa haupaswi kuendelea kana kwamba haipo.

Kwa hiyo nyongeza zenyewe si hatari. Hatari ni kila mradi kubuni za kwake kwa jambo lilelile. Wawili wakiandika kitongoji kwa njia mbili, mifumo haiwezi tena kuelewana kuhusu jambo hilo, ingawa yote inadai kutumia FHIR. Wizara ya Afya na TAMISEMI zinapaswa kuwa na orodha moja ya nyongeza, iliyo wazi kwa wote, na kuijaribu kwanza kwenye zahanati za maeneo ambako watu huhamahama.

Wewe ufanye nini?

- Safiri na kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18.
- Taja majina yaleyale na tarehe ileile ya kuzaliwa kila kituo.
- Mapacha wawe na kadi mbili. Mwambie muuguzi yupi ni Kulwa na yupi ni Doto, kisha hakikisha ameandika kwenye kadi sahihi.
- Ukiona kosa, omba lisahihishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki hiyo.
- Kadi ikipotea, usiache kumpeleka mtoto kliniki. Eleza ulikoanzia, ili watafute kumbukumbu zake.