Pengo la Jino Si Jambo la Kuchekesha

Siku niliyorejea darasani hapa Shella, Malindi, baada ya kung'olewa meno mawili ya mbele, nilijaribu kutamka "thamani" na "dhahabu". Wanafunzi wakaangua kicheko. Sikuwalaumu, sauti hizo hutaka ncha ya ulimi iguse meno, nami sikuwa nayo.

Binadamu hakuanza leo kuliziba pengo. Mnamo 1931 lilipatikana Honduras taya la Wamaya la kale, lenye umri wa miaka ipatayo 1,400. Ndani yake mlipachikwa vipande vitatu vya kombe, mfano wa zile wanazookota watoto wetu ufuoni, na mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua, akiwachunguza sungura, kwamba titaniamu hugandamana na mfupa. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya madini hayo, naye akaitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Nilipoulizia bei, nilinyamaza. Mshahara wangu hauifikii. Isitoshe, jino likitoka mfupa wa taya hupungua, na kila anayekawia huzidisha gharama.

Kwa hivyo nashauri watoto wapimwe meno shuleni kila mwaka, na afya ya kinywa ifundishwe kwa dhati. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wenzangu, ukuta huu hatuuwezi, ufa twauweza.