Hata Msanii Ni Mgeni: Mpe Debe Ateke Maji

Je, mwanao anayesomea uchoraji akikuambia leo kwamba anataka kwenda kukaa mwezi mzima Nakalale, kule Turkana pande za Lodwar na Kakuma, utamjibu nini? Bila shaka utauliza, "Unaendea nini kwenye jua lile?"

Usimcheke. Desturi ya kuwapa wachoraji na waandishi makao mbali na kelele za mji ni ya zamani. Nchini Marekani, kituo cha MacDowell kilianzishwa mwaka 1907 karibu na mji mdogo wa Peterborough. Msanii hupewa chumba, chakula na utulivu. Hata chakula cha mchana huletewa mlangoni ndani ya kikapu, mawazo yake yasije yakakatizwa.

Lakini Turkana si Peterborough. Huko aghalabu akina mama ndio wanaochimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka, kisha wakajitwika maji hadi nyumbani. Mgeni anayeoga mara mbili kwa siku anaoga jasho la mtu, na mwenyeji, kwa heshima, hatamwambia. Ndiposa ni lazima tuulize mapema: kijiji nacho kitapata nini?

Mfano mwema tunao hapa hapa Kenya. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliwapelekea wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mswada wa mchezo wa Ngaahika Ndeenda. Kweli, waandishi hao hawakutoka mbali. Hata hivyo, wakulima na vibarua hawakuketi tu wakitazama. Waliisahihisha lugha ya mchezo, wakaleta nyimbo zao na kujenga ukumbi kwa mikono yao. Serikali iliupiga mchezo huo marufuku Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Lakini funzo halikubomolewa: wasomi walikuwa wanafunzi, na wanakijiji wakawa walimu.

Turkana nako walimu wapo. Yupo mzee anayechonga ekicholong, kile kigoda ambacho mwanamume hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Yupo mama anayesuka vikapu kwa majani ya mkoma. Hawa ni wasanii, hata kama hawana cheti ukutani. Wakimfundisha mgeni, walipwe kama mwalimu yeyote. Picha zao zikitundikwa Nairobi, majina yao yaandikwe chini yake, wakiridhia. Na kitabu kikichapishwa, nakala irudi katika shule ya kijiji.

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa wafugaji, jembe huenda lisiwe na kazi kubwa. Basi mgeni apewe debe, afuatane na wenzake kisimani. Huko atasikia hadithi ambazo hazitamfikia akiwa amejifungia chumbani.

Kwa hivyo, mzazi, usimzuie mwanao. Lakini kabla hajafunga rangi na brashi zake, mwulize maswali matatu: maji atakayotumia yatatekwa na nani, jina la nani litaandikwa chini ya picha, na akiondoka ataacha nini? Akiwa na majibu, mpe nauli.